Nina kilo 79 na urefu wa sentimita 158. Ni lazima nifike kilo 62?

"Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 38, nauza madera na vitenge hapa Mtwara mjini. Mwezi uliopita nilikwenda kituo cha afya kwa ajili ya mafua tu. Nesi akanipima, akasema nina kilo 79, urefu sentimita 158, BMI ni 31.6, kwa hiyo nina unene uliopitiliza na natakiwa nishuke hadi kilo 62. Presha ikasoma 142 kwa 91. Mimi sijisikii kuumwa popote. Kaka yangu anabeba magunia ya korosho ghalani, ana misuli tupu, naye aliambiwa BMI yake ya 27 ni uzito uliozidi. Mama yetu ni mwembamba, ana kilo 46, lakini ndiye mwenye sukari. Sasa hiki kipimo kinapima nini hasa? Nimesikia kilitengenezwa kwa ajili ya Wazungu. Mwenzangu wa kwenye kikoba ananiuzia chai ya kukata tumbo, anasema kwa wiki mbili naondoa kilo sita. Na nikikonda, si watu wataanza kusema nimeukwaa? Naomba unieleweshe."

Marahaba dada. Tuanze na hesabu yenyewe, maana ikikosewa hapo, mengine yote hayana kazi.

BMI ni uzito wako kwa kilo, ukigawanywa kwa urefu wako kwa mita, kisha jibu likagawanywa tena kwa urefu uleule. Chukua simu: 79 gawanya kwa 1.58 unapata 50. Hiyo 50 gawanya tena kwa 1.58 unapata 31.6. Nesi hakukosea. Kosa linalowapata wengi wanaojipigia hesabu nyumbani ni kuzidisha urefu kwa mbili badala ya kugawanya kwa urefu, kisha tena kwa urefu: 1.58 mara 2 ni 3.16, na 79 ukiigawanya kwa 3.16 inatoka 25. Mtu anashusha pumzi, kumbe amejidanganya kwa zaidi ya pointi sita.

Kosa lingine liko kwenye urefu. Ukipimwa na ndala nene ukasomeka 160, BMI yako inashuka hadi 30.9. Ukisimama umepinda mgongo ukasomeka 156, inapanda hadi 32.5. Kwa hiyo rudia kipimo hiki nyumbani mara moja kwa utulivu. Vua viatu, fungua kilemba na nywele zilizofungwa juu, egemeza visigino, makalio na mabega ukutani, macho yatazame mbele. Mtu mwingine aweke kitabu kigumu kichwani, ukingo wake ukiwa umelala sawasawa kwenye ukuta, atie alama ya penseli chini ya kitabu. Futikamba ya fundi cherehani kwa kawaida inaishia sentimita 150, hivyo weka alama ya kwanza ukutani kwenye mita moja kamili, kisha pima kuanzia hapo kwenda juu. Uzito upimwe asubuhi, baada ya kutoka chooni na kabla ya chai, ukiwa na kanga moja tu, mzani ukiwa juu ya sakafu ngumu. Ukiuweka juu ya mkeka au zulia unasoma ovyo.

Shirika la Afya Duniani limepanga hivi kwa watu wazima: chini ya 18.5 ni uzito pungufu, 18.5 hadi 24.9 ni uzito wa kawaida, 25 hadi 29.9 ni uzito uliozidi, na kuanzia 30 ni unene uliopitiliza. Kwa urefu wako, uzito wa kawaida unaanzia kilo 46 hadi 62. Ile 62 nesi aliitoa hapo, ni ukingo wa juu wa kundi. Kama lengo la kuanzia, nina neno nayo, nitaifikia.

Jedwali hili usilitumie kwa mjamzito, wala kwa mtoto au kijana ambaye hajafikisha miaka 18. Hao wana chati zao za ukuaji zinazoangalia umri na jinsia.

Sasa hoja ya Wazungu. Ni kweli hesabu hii ilianzia kwa Adolphe Quetelet, Mbelgiji wa karne ya 19, mtu wa hisabati na takwimu aliyekuwa akitafuta wastani wa umbo la binadamu. Hakuwa akitafuta ugonjwa wala hakuwa daktari. Jina la BMI lilishika baada ya mwaka 1972, Mmarekani Ancel Keys na wenzake walipolinganisha njia mbalimbali za kukadiria unene. Lakini ukiifuata hoja hiyo hadi mwisho, haikutetei. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba watu wenye asili ya Asia wanapata kisukari wakiwa na BMI ndogo kuliko Wazungu, na mwongozo wa kitabibu wa Uingereza sasa umewaweka watu wenye asili ya Afrika kwenye kundi hilohilo: kwao uzito uliozidi unaanzia 23 na unene uliopitiliza unaanzia 27.5. Hapa kwetu tunaendelea kutumia 25 na 30, ambazo kama zina upendeleo, basi zimekupendelea wewe.

Udhaifu wa kweli wa BMI uko kwingine. Mzani hautofautishi mafuta, misuli, mifupa na maji, wala haujui mafuta yamekaa wapi. Ndiyo maana Januari 2025 jopo la kimataifa la wataalamu lilipendekeza kwamba mtu asiambiwe ana ugonjwa wa unene kwa BMI peke yake. Aongezewe kipimo cha kiuno, na aangaliwe kama viungo vyake vimeanza kuathirika.

Kaka yako ni mfano mzuri. Mwanaume wa sentimita 168 mwenye kilo 77 anapata BMI ya 27.3. Kama kilo hizo ni mabega na mapaja ya mtu anayebeba magunia, hana la kuogopa. Kama ni mikono yenye misuli juu ya kitambi, ana la kuogopa, na wanaume wa namna hiyo si wachache. Usibishane naye, mpime kiuno. Kiwe chini ya nusu ya urefu wake, yaani chini ya sentimita 84 kwa mtu wa 168. Kwa mwanaume hatari huanza kupanda kiuno kikivuka sentimita 94, na kikivuka 102 ni kubwa. Kwa mwanamke namba hizo ni 80 na 88.

Wewe nusu ya urefu wako ni sentimita 79. Imegongana na kilo zako, usije ukazichanganya.

Kiuno cha hospitali si kile cha fundi wa sketi. Simama wima, nguo iondoke tumboni. Tafuta kwa kidole mbavu ya mwisho ubavuni, kisha tafuta juu ya mfupa wa nyonga upande huohuo. Katikati ya hapo ndipo futikamba inapopita, mara nyingi ni juu kidogo ya kitovu au usawa wake. Izunguke bila kupanda mgongoni, iguse ngozi bila kuibana. Toa pumzi kawaida, soma mwisho wa pumzi. Ukilibana tumbo unampunja nani? Rudia mara mbili, na zikitofautiana zaidi ya sentimita moja pima ya tatu. Tumia futikamba ambayo haijavutika, zile za kitambaa zilizozeeka huongopa.

Kwa nini kiuno kisumbue kuliko makalio? Chakula kikizidi, mwili huhifadhi mafuta kwanza chini ya ngozi, kwenye mapaja, makalio na mikono. Mafuta hayo ni mazito kubeba lakini hayana fujo kubwa. Ni ghala, na kila mtu ana ukubwa wa ghala lake, kwa sehemu kubwa wa kurithi. Likijaa, mafuta yanaanza kurundikwa pasipostahili: kuzunguka utumbo, ndani ya ini, ndani ya kongosho. Ini lenye mafuta huacha kutii insulini, homoni ya kongosho inayodhibiti sukari, likaendelea kumwaga sukari kwenye damu hata pale usipokuwa na njaa. Kongosho hulazimika kutoa insulini nyingi zaidi ili mambo yaende. Kwa miaka kadhaa vipimo vya sukari vinasoma vizuri tu, kwa sababu kongosho linakimbia mara mbili. Insulini hiyo nyingi nayo inazifanya figo zishikilie chumvi, na presha inapanda. Mwisho kongosho linachoka, ndipo sukari inapanda, na mtu anasema imemwanza ghafla. Katika miaka hiyo yote huenda asijisikie kuumwa popote, kama wewe.

Na mama? Wembamba haumkingi mtu. Huenda ghala lake lilikuwa dogo, mafuta machache tu yakatosha kuvuka. Huenda misuli imepungua kwa umri, na misuli ndiyo inayomeza sehemu kubwa ya sukari baada ya kula. Na sukari isiyodhibitiwa yenyewe hukondesha, kwa sababu inatoka kwenye mkojo badala ya kutumika. Kwa hiyo swali la kumuuliza mama ni hili: kilo 46 ni zake siku zote, au nguo zimeanza kumpwaya? Mtu mzima akipoteza zaidi ya asilimia 5 ya uzito ndani ya miezi sita hadi mwaka bila kukusudia, kwake ni kama kilo mbili na nusu, apelekwe akapimwe: sukari yenyewe, kifua kikuu, meno, na mengine. Kwako wewe, kuwa na mzazi mwenye kisukari kunaongeza hatari yako. Hilo lina uzito kuliko pointi moja ya BMI.

Jiangalie pia shingoni nyuma na kwapani. Ngozi ikiwa imekuwa nyeusi na nene kama mahameli, isiyotakata kwa kusugua na dodoki wala kwa krimu, hiyo si uchafu. Mara nyingi ni dalili kwamba insulini imekuwa nyingi mwilini kwa muda mrefu. Wanawake wengi wanaipaka vitu vya kung'arisha wakati ilitakiwa iwapeleke kupima sukari.

Tuje kwenye presha, kwa sababu katika barua yako nzima ndiyo iliyonishtua zaidi. Presha ya 140 kwa 90 na kuendelea, ikirudiwa siku tofauti, ni presha ya kupanda. Yako imesomwa mara moja, siku una mafua, pengine umetembea juani au umekunywa dawa ya kuzibua pua ambayo yenyewe hupandisha. Haitoshi kukupa jina la ugonjwa, wala haitoshi kuipuuza. Irudiwe ndani ya wiki mbili hadi nne, siku mbili tofauti. Ukojoe kwanza, ukae dakika tano kimya, mgongo umeegemea, miguu isipishane, mkono uwe usawa wa moyo. Na uangalie mkanda wa mashine. Mkanda wa kawaida wa mtu mzima ni wa mkono wenye mzingo wa sentimita 22 hadi 32 hivi. Mkono mnene ukifungwa mkanda mdogo, mashine inasoma presha kubwa kuliko ilivyo. Pima mzingo wa mkono wako katikati ya bega na kiwiko. Ukizidi 32, omba kwa adabu wakufunge mkanda mkubwa. Kama hawana, ni heri kwenda kituo chenye nao kuliko kuanzishiwa vidonge, au kunyimwa, kwa namba isiyoaminika. Siku hiyohiyo omba kipimo cha sukari kabla hujala kitu, baada ya kulala bila kula kwa muda wa masaa manane: 7.0 (mmol/L) na kuendelea, ikirudiwa, ni kisukari, 6.1 hadi 6.9 ni onyo.

Sasa kilo ngapi. Sikushauri uifukuzie 62. Kutoka 79 hadi 62 ni kilo 17, na mtu akipewa mlima huo siku ya kwanza hufanya moja kati ya mawili: hujinyima kwa wiki tatu kisha akaacha, au haanzi kabisa. Faida kubwa ya afya inapatikana katika zile asilimia 5 hadi 10 za mwanzo. Kwako ni kilo 4 hadi 8. Ukifika 75, kisha 71, utakuwa bado kwenye "uzito uliozidi" kwa jedwali, BMI yako ikiwa 28.4, lakini mafuta ya ini ndiyo yanayotangulia kuondoka, presha huwa imeshuka, sukari imetulia, na magoti yamepumzika. Ukitaka kuendelea kutoka hapo ni vyema. Ukibaki hapo miaka kumi bila kurudi 79, umefanya kazi kubwa kuliko anayeshuka 62 akapanda 85.

Mwendo wa busara ni nusu kilo kwa wiki au chini yake. Jipime mara moja kwa wiki. Uzito unacheza kilo moja hadi mbili kwa siku kutokana na maji, chumvi, choo na siku za hedhi, kwa hiyo anayejipima kila asubuhi anajitesa bure. Jambo jingine, kwa kuwa unauza madera: dera halisemi kitu. Linakaa vilevile ukiwa na 70 na ukiwa na 85. Tafuta sketi moja yenye zipu isiyovutika, iwe shahidi wako kila mwisho wa mwezi.

Kwenye chakula, wengi hukimbilia kuacha ugali. Ugali si adui, na dona haina kalori chache kuliko sembe: unga gramu 100 wa aina yoyote ni takribani kalori 350. Dona inakushibisha muda mrefu zaidi kwa sababu ya makapi, basi. Muhogo na ming'oko navyo vihesabiwe upande wa ugali, wala visilale pembeni yake kama kitoweo. Ugali wote wa sahani usizidi ngumi zako mbili, nusu ya sahani iwe mboga za majani, robo samaki au maharage.

Penye kalori nyingi zisizoonekana ni mafuta, nazi na sukari. Tukague jiko lako. Lita moja ya mafuta ya kula ina takribani kalori 8,300. Nyumba ya watu watano ikiimaliza kwa wiki, kila mtu anakula karibu kalori 240 za mafuta hayo kwa siku bila kuongeza hata tonge. Ikidumu wiki mbili, kila mtu anaokoa kama 120 kila siku. Andika tarehe kwenye chupa kwa kalamu siku unapoifungua, kisha pima kwa kijiko badala ya kumimina. Kijiko kimoja cha chakula ni kalori 120. Samaki choma au wa kuchemsha kwa ndimu na nyanya badala ya wa kukaanga, siku nne kwa wiki, peke yake inapunguza mengi.

Nazi siwezi kukwambia uiache, ningekuwa nakutania ukiwa Mtwara. Nyama ya nazi moja kubwa ina karibu gramu 100 za mafuta, na sehemu kubwa huenda kwenye tui la kwanza. Tumia tui la pili kwa kisamvu na samaki, tui zito libaki la siku ya wageni au Ijumaa. Na wali wa nazi ukiliwa na samaki wa nazi pamoja na kisamvu cha nazi, hapo umekula nazi mara tatu kwa mlo mmoja. Chagua chombo kimoja kiwe na nazi, vingine viende bila.

Chai: vijiko vitatu kwa kikombe, vikombe vitatu kwa siku, ni vijiko tisa, kama gramu 40 za sukari, na hapo ni vijiko vya kufuta, si vile vya mlima. Soda moja ya mililita 350 inaongeza nyingine 37 hivi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi gramu 50 kwa siku, na heri ikiwa 25. Shuka nusu kijiko kila wiki, ulimi unazoea. Juisi ya kusaga yenye sukari ni soda ya nyumbani. Embe na mabibo ya msimu kula tunda lenyewe, usinywe juisi yake.

Korosho ni chakula kizuri kwa moyo, lakini kiganja kimoja cha gramu 30 ni kama kalori 165. Shida si korosho, shida ni bakuli kukaa juu ya kaunta ya duka kutwa nzima. Ng'onda, kwa mwenye presha, iloweke na umwage maji hayo mara mbili kabla ya kupika, na hapo usiongeze chumvi kwenye sufuria.

Mazoezi nayo nisikudanganye. Nusu saa ya kutembea haraka kwa uzito wako inachoma kalori 140 hivi, ambayo ni chini ya soda moja. Kutembea peke yake hakutakushusha kilo nane. Lakini kunashusha presha, kunaifanya misuli imeze sukari vizuri hata kilo zisipohama, na ndiko kunakozuia uzito kurudi. Dakika 150 kwa wiki zinatosha: shuka bajaji kabla ya kufika sokoni, asubuhi jua halijachoma. Kujikunja tumbo mara mia kunakaza misuli ya tumbo, mafuta yaliyo juu yake hayana habari. Mkanda wa kubana na kujifunga nailoni ukatokwa jasho ni maji tu, yanarudi ukinywa glasi mbili.

Kuna hatua utafika, pengine mwezi wa tatu au wa nne, mzani utagoma na chakula ni kilekile. Mwili mwepesi unatumia nguvu kidogo, na homoni za njaa zinapanda kukurudisha ulikotoka. Si uvivu wako. Hapo ndipo wauza chai huingia.

Chai hiyo ya kikoba, soma pakiti. Nyingi zina sana makki, ambayo ni ya kuharisha. Kilo unazoona zimeondoka ni choo na maji, pamoja na madini ya potasiamu ambayo moyo unayategemea. Ukija kuanzishiwa vidonge vya presha vya kukojoza huku unakunywa chai hiyo, potasiamu inaweza kushuka hadi moyo ukapiga vibaya. Mbaya zaidi ni bidhaa ambazo ndani huwekwa dawa bila kuandikwa, hasa sibutramine, iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa kuongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Kilo sita za mafuta kwa wiki mbili maana yake upungufu wa zaidi ya kalori 3,000 kila siku, kiasi ambacho mwili wako hautumii hata kwa siku nzima. Haiwezekani, hata asiyekula kabisa hafiki. Limau na maji ya moto halina ubaya kwa asiye na vidonda vya tumbo, ila haliyeyushi kitu. Sindano za kweli za kupunguza uzito, kama semaglutide, zipo na zinafanya kazi, lakini ni ghali, zinahitaji daktari, na uzito huelekea kurudi mtu akiacha. Za kuuziwa kwenye simu usizichome.

Dawa unazotumia pia zitazamwe. Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu huwaongezea uzito baadhi ya wanawake, vilevile prednisoloni, insulini, baadhi ya dawa za akili na baadhi ya dawa za kufubaza VVU. Usiache hata moja mwenyewe. Kwa uzazi wa mpango kuna njia nyingine, muulize nesi. Zilizobaki daktari aamue.

Kuhusu maneno ya watu: kilo nne kwa miezi mitatu, chini ya dera, hakuna atakayeziona. Wanaoonekana ni wale wanaoporomoka, na wao hata mimi ningewatuma wakapimwe. Kama hujapima VVU siku nyingi, pima siku hiyohiyo ya sukari, ili ukisikia mnong'ono sokoni wewe uwe unajua lako. Na mume au mashoga wakisema umepungua mvuto, waambie namba ya presha, si namba ya kilo.

Usisubiri miadi kama unapata kiu isiyoisha na kukojoa usiku mara nyingi, macho kufifia, miguu kuvimba, pumzi kukata ukilala chali, au unakoroma hadi wanaolala nawe wanasema pumzi inasimama kidogo. Hedhi iliyopotea pamoja na ndevu kuota, uzito uliopanda ghafla pamoja na michirizi ya zambarau tumboni, au uvimbe shingoni mbele vinaweza kuonyesha chanzo cha homoni ambacho chakula hakitakitibu. Kama kuna uwezekano wa mimba, pima mimba kabla ya kuanza kupunguza chochote. Presha ikifika 180 kwa 120 pamoja na maumivu ya kifua, kichwa kinachopasua, mdomo kupinda au upande mmoja kulegea, hiyo ni dharura ya saa hiyohiyo.

Kurudia presha na sukari kunafanyika kwenye kituo chako kilekile. Wakihitaji kukuangalia zaidi watakuandikia rufaa ya Hospitali ya Mkoa ya Ligula au Hospitali ya Kanda ya Kusini pale Mitengo. Walioko Lindi wanayo Hospitali ya Sokoine, na wa bara wapo karibu na hospitali za Nyangao au Ndanda. Nenda na karatasi yenye vitu vinne: kiuno chako, mzingo wa mkono, presha zote ulizosomwa na tarehe zake, na majina ya dawa zote. Pakiti ya chai iweke kwenye mkoba pia, hata kama umeshaanza kuinywa.